Mlaji asipojua, daktari naye hajui: kisa cha mahindi ya StarLink

Mwaka 2000 mwanaharakati mmoja wa shirika la mazingira la Friends of the Earth aliingia kwenye duka kubwa huko Silver Spring, jimbo la Maryland nchini Marekani, akapita kwenye rafu akichukua bidhaa za mahindi za kila namna. Alitoka na bidhaa 23. Zikapelekwa kwenye maabara moja ya Iowa ambayo kazi yake ni kutafuta vinasaba ndani ya chakula. Katika pakiti ya maganda ya taco, yale makavu ya mahindi yanayokunjwa na kutiliwa nyama, maabara ikakuta vinasaba vya aina ya mahindi iitwayo StarLink. Maganda hayo yaliuzwa na kampuni ya Kraft kwa jina la Taco Bell.

Matokeo yalitangazwa Septemba 18. Kraft ikapima yenyewe, ikakuta kitu kilekile, na Septemba 22 ikaanza kuyaondoa maganda hayo sokoni nchi nzima, pakiti zilizokadiriwa kufika milioni 2.5.

Mshtuko haukuwa wa kukuta GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, ndani ya chakula. Mwaka ule karibu robo ya mahindi yaliyopandwa Marekani ilikuwa ya GMO, na yaliliwa kihalali bila pakiti kusema neno. Mshtuko ulikuwa kwamba StarLink hayakuwa yameruhusiwa kuliwa na binadamu hata kidogo. Yaliruhusiwa kwa mifugo na viwanda, basi. Na waliogundua hawakuwa serikali, wala kampuni ya mbegu, wala mwenye kinu. Waligundua watu walionunua chakula dukani kama mteja mwingine yeyote, kisha wakalipia kipimo.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu mjadala wa GMO na haki ya mlaji huanzia mahali pasipofaa. Watu huulizana kwanza: vina madhara au havina? Anayesema vina anadai lebo. Anayesema havina anaona lebo ni kutisha watu bure. StarLink inaonyesha kwamba swali la kujua linatangulia lile la madhara. Mtu asiyejua alichokula hawezi kusema kimemdhuru. Hawezi pia kusema hakikumdhuru, na daktari wake hawezi kumsaidia kwa lolote kati ya hayo mawili.

Punje pacha, njia mbili

StarLink yalipatikana kwa kuingiza ndani ya mahindi jeni ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, anayejulikana kwa kifupi kama Bt. Bakteria huyu hutengeneza protini zinazoua funza: zikifika tumboni mwa funza hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo wake na kuutoboa. Utumbo wa binadamu hauna mahali pa kuzishikilia, ndiyo maana dawa za Bt zimepuliziwa mimea kwa miongo mingi, hata na wakulima wa kilimo hai. Mahindi mengine ya Bt yalikuwa yameshaidhinishwa kwa watu na mifugo. Ya StarLink yalibeba protini tofauti, Cry9C, iliyolengwa kwa funza wa mabua ambaye huwatesa sana wakulima wa mahindi wa Marekani.

Utata ulikuwa kwenye protini yenyewe. Protini nyingi tunazokula huvunjwavunjwa tumboni kwa muda mfupi. Zile zinazoleta mzio, kama za karanga, mara nyingi ni ngumu: moto hauziharibu upesi, tindikali ya tumbo haiziharibu upesi, zinashuka hadi utumboni zikiwa nzima, na huko kinga ya baadhi ya watu huzichukulia kama adui. Cry9C ilipotiwa maabara kwenye maji yaliyotengenezwa yafanane na ya tumbo, ilichelewa kuvunjika. Joto nalo ililistahimili. Hilo halikuthibitisha kwamba inaleta mzio. Lilionyesha tu kwamba ina tabia zinazotiliwa shaka, na hapakuwa na jamii yoyote ya watu iliyowahi kuila ili ipatikane kwao habari.

Mei 1998 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa uamuzi wa nusu kwa nusu. Mahindi yapandwe, lakini yaende kwa mifugo na kwenye viwanda vya ethanoli. Yasiingie kwenye chakula cha watu. Mashamba yaachiwe ukanda wa futi 660, kama mita 200, na mahindi ya ukanda huo nayo yasiende kwa watu. Kampuni yenye mbegu, ambayo wakati kisa kinalipuka iliitwa Aventis CropScience, ilipewa jukumu la kuhakikisha wakulima wanayajua masharti na kuyafuata. Zilipandwa ekari 10,000 hivi mwaka wa kwanza, ekari 250,000 hivi mwaka wa pili, na mwaka 2000 zikafika 350,000 hivi.

Njia mbili zilimshinda fisi. Hapa njia mbili zilikabidhiwa punje zinazofanana kama pacha, na kila aliyewahi kuishi karibu na shamba la mahindi angeweza kuonya.

Simama shambani wakati mahindi yanachanua. Juu ya kila mmea pana mbelewele, na upepo ukiitikisa inamwaga vumbi la njano. Hiyo ndiyo chavua. Chini yake, kwenye hindi changa, zinaning'inia ndevu laini, na kila unywele mmoja wa ndevu zile umeunganishwa na punje moja. Punje haijai mpaka chavua itue kwenye unywele wake. Kwa hiyo hindi moja lenye punje mamia linaweza kuwa na baba wengi, na mmoja wao akawa kwenye shamba la jirani. Mita 200 zinapunguza jambo hilo. Haziliondoi.

Halafu fuata mavuno hadi ghalani. Lori linasimama, bambo refu la chuma linazamishwa kwenye shehena, punje zinatolewa na kuangaliwa unyevu, uzito, uchafu, zilizovunjika. Lori linamwaga, linalofuata linasogea. Punje ya StarLink ni ya njano kama wenzake, uzito uleule, harufu ileile. Hakuna jicho wala pua ya kuitenga. Kilichoweza kuitenga ni maneno: mkulima aseme, karatasi iseme. Wakulima wengi walikuja kueleza kwamba hawakuwahi kuambiwa kuna masharti yoyote. Hata aliyeambiwa alikuwa na ghala moja la karibu, na ghala hilo lilichanganya mahindi ya wote.

Kuanzia hapo punje inapoteza jina. Unga wa yale maganda ya taco ulisagwa na kinu cha Azteca Milling kilichoko Plainview, Texas. Ukavuka mpaka hadi kiwandani Mexicali, Mexico, ukafanywa maganda, maganda yakarudi Marekani na kupangwa dukani. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anauma taco jikoni kwake alikuwa mwisho wa safari iliyopitia shamba, ghala, kinu, kiwanda, mpaka wa nchi mara mbili na duka, na katika vituo vyote hivyo hapakuwa na hata kimoja kilichobeba habari ya mbegu ilikotoka.

Kilichofuata baada ya Septemba nitakipitia haraka, kwa sababu ni sehemu inayosimuliwa sana na si sehemu inayonisumbua. Bidhaa zaidi ya 300 ziliondolewa sokoni. Mwezi Oktoba Aventis iliomba yenyewe usajili wa mbegu ufutwe. Mahindi yakaanza kununuliwa tena kutoka kwa wakulima ili yaelekezwe kwa mifugo na viwandani. Japani na Korea Kusini, wateja wakubwa wa mahindi ya Marekani, zikakuta StarLink kwenye chakula chao na kupunguza ununuzi. Wachumi waliofanya hesabu baadaye walikadiria kwamba bei ya mahindi Marekani ilishuka kwa asilimia 6.8, na ikakaa chini kwa angalau mwaka mzima. Wakulima ambao hawakuwahi kupanda punje moja ya StarLink walishtaki, na mwaka 2003 kesi yao ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 110. Yote hayo kwa mbegu iliyokalia chini ya nusu ya asilimia ya eneo lililopandwa mahindi nchini.

Watu 28

Habari zilipotoka, watu walianza kupiga simu. Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ilipokea taarifa 51 za watu waliosema waliugua baada ya kula bidhaa za mahindi: ngozi kuwasha, vipele, kuharisha, koo kubana. Taarifa zilichujwa. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, viliona kwamba watu 28 walikuwa na dalili zinazoendana na mzio. Kati yao 17 walitoa damu.

Hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa cha biashara na kuwa cha mlaji. Jiweke mahali pa mmoja wao. Jana jioni umekula taco, maharage, nyama, nyanya, pilipili, jibini. Saa moja baadaye midomo imevimba. Daktari anakuuliza swali la kwanza ambalo kila daktari wa mzio huuliza: ulikula nini? Unajibu: mahindi. Ni jibu la kweli, na halimsaidii. Mahindi uliyokula maisha yako yote hayajakufanya kitu. Yalikuwa mahindi gani? Pakiti haisemi. Duka halijui. Aliyetengeneza ganda hajui. Aliyesaga unga hajui. Ndani ya pakiti hiyohiyo ganda moja linaweza kuwa na chembe za StarLink na la pili lisiwe nazo. Na pakiti yenyewe uliitupa jana.

Wataalamu walitafuta kwenye damu kingamwili za aina ya IgE, zile zinazohusika na mzio, zinazoitambua Cry9C. Juni 2001 CDC ikatoa ripoti: hakuna ushahidi kwamba watu wale walipata mzio kutokana na protini hiyo. Wengi walilichukua jibu hilo kama mwisho wa kesi. Jopo la wanasayansi washauri wa EPA, lilipokaa Julai mwaka huohuo, halikulichukua hivyo. Lilisema kipimo chenyewe kina upungufu unaozuia kufunga shauri. Protini iliyotumika kupimia ilitengenezwa ndani ya bakteria, haikutolewa kwenye mahindi yenyewe. Na kipimo cha damu huhitaji kulinganishwa na damu ya mtu anayejulikana kwa hakika kuwa na mzio wa kitu hicho. Mtu wa namna hiyo hakuwepo. Walitumia damu ya mbuzi aliyechomwa protini ile.

Kuna kisa kingine kinacholiangazia hili. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Pioneer Hi-Bred ilichukua jeni ya njugu za Brazili na kuiingiza kwenye soya, ili soya ya kulishia mifugo iwe na protini bora. Watafiti wakapima ile soya kwa damu ya watu wenye mzio wa njugu hizo. Damu ikaitikia. Mradi ukafungwa kabla soya haijafika sokoni. Waliweza kwa sababu njugu za Brazili zinajulikana, watu waliodhurika nazo wanajulikana, na damu yao ipo. Njugu zina jina, na mwenye mzio anaweza kumwambia daktari: nilikula zile. Cry9C haikuwa na jina mdomoni mwa yeyote. Ilikuja kinyemela ndani ya chakula tulichokizoea, na ndiyo sababu ikatuachia swali lisilofungika.

Jopo lilikuwa limeshasema, Desemba 2000, kwamba uwezekano wa Cry9C kuwa kitu cha mzio ni wa wastani, lakini uwezekano wa kumdhuru mtu kwa kiasi kidogo kilichokuwamo kwenye chakula ni mdogo. Naiamini kauli hiyo. Simdai mtu aniambie kwamba StarLink iliua au ililemaza. Hakuna ushahidi wa hilo, na anayesema hivyo anaidhuru haki anayoipigania. Ninachodai ni kitu kingine: watu 28 walistahili jibu, na hawakulipata kwa sababu mnyororo mzima wa chakula ulijengwa usiweze kulitoa. Walaji nao walikuwa na kesi yao mahakamani, ikamalizwa mwaka 2002 kwa makubaliano ya dola milioni 9, zikiwemo vocha za punguzo la bei. Nani angeweza kuthibitisha kwamba alikula?

Kuna tarehe moja ambayo huwa nairudia nikifikiria haya. Septemba 29, 2000, wiki moja tu baada ya Kraft kuondoa maganda yake, mahakama ya shirikisho mjini Washington ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1998 na kundi la Alliance for Bio-Integrity dhidi ya serikali. Walalamikaji walipinga sera ya FDA ya mwaka 1992, iliyosema vyakula vya GMO kwa ujumla havina tofauti ya msingi na vingine na havihitaji lebo maalumu. Mahakama ikaunga mkono FDA. Hamu ya walaji ya kutaka kujua, ilisema, haitoshi peke yake kuilazimisha FDA idai lebo. Lazima pawepo tofauti ndani ya chakula chenyewe.

Kisheria hukumu hiyo ina mantiki yake, na jaji alifungwa na maneno ya sheria iliyokuwapo. Lakini tazama inavyozunguka. Ili uambiwe, lazima kwanza tofauti ionyeshwe. Ili tofauti ionyeshwe kwa walaji, lazima ijulikane nani alikula nini. Ili ijulikane nani alikula nini, lazima aambiwe. Ni kama kumwambia mtu alete kuku ndipo apewe yai la kutotoa kuku huyo. Na nchi ileile ndiyo ambayo Rais Kennedy, Machi 15, 1962, alilitangazia Bunge haki 4 za mlaji, mojawapo ikiwa ni kupewa habari. Tarehe hiyo ndiyo dunia imeifanya Siku ya Haki za Walaji.

Lebo na karatasi zilizo nyuma yake

Sasa niseme jambo ambalo wapigania lebo wenzangu hawapendi kulisikia. Lebo dukani isingeizuia StarLink. Kampuni ya maganda ya taco isingeandika kitu ambacho yenyewe haikijui. Lebo ni uso wa jambo tu; mwili wake ni kumbukumbu zinazotembea na punje kutoka mkono hadi mkono. Uso bila mwili ni picha.

Umoja wa Ulaya ulilielewa hilo mapema. Sheria zake mbili za mwaka 2003, namba 1829 na 1830, zilizoanza kutumika Aprili 2004, zimekwenda pamoja kama kulia na kushoto. Moja inadai lebo kwa chakula chochote kilichotokana na GMO, hata mafuta yaliyosafishwa mpaka yasibakie vinasaba, isipokuwa kama ni mchanganyiko wa bahati mbaya usiozidi asilimia 0.9 ya kiungo husika. Nyingine inamdai kila anayeuza GMO amkabidhi mnunuzi kwa maandishi habari ya kile kilichomo, pamoja na namba ya utambulisho ya aina hiyo ya mmea, na kila mmoja atunze kumbukumbu kwa miaka 5: nilipokea kwa nani, nilimpa nani. Namba hizo ni za kimataifa. StarLink nayo inayo: ACS-ZMØØ4-3. Ni herufi chache zenye sura ya ajabu, lakini laiti zingeandikwa kwenye stakabadhi ya lori lile ghalani, kuna mtu mahali fulani kwenye mnyororo angezisoma na kusema, hapana, haya si ya kinu cha chakula.

Marekani ilichelewa na ikaja na nusu. Jimbo la Vermont lilipitisha sheria ya lebo mwaka 2014, ikaanza kazi Julai 1, 2016. Kabla mwezi haujaisha, Julai 29, Rais Obama alitia saini sheria ya shirikisho iliyozifuta za majimbo na kuweka moja ya nchi nzima, ambayo utekelezaji wake ulikuja kuwa wa lazima Januari 1, 2022. Kiwango cha mchanganyiko wa bahati mbaya kinachosamehewa kiliwekwa asilimia 5. Vyakula vilivyosafishwa mpaka vinasaba visionekane kwenye vipimo havikulazimishwa kutangazwa. Na kampuni ziliruhusiwa kuchora ile alama ya mraba ya kuskani kwa simu badala ya kuandika maneno. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho huko California ilikuta kasoro kwenye njia hiyo, kwa kuwa mnunuzi asiye na simu janja au mtandao anabaki gizani akiwa ameishika pakiti mkononi. Kipengele hicho hunikera kuliko vyote. Mtu anayefahamu kwamba watu wanataka kujua, kisha akaiweka habari nyuma ya mlango unaofunguliwa na wenye kifaa tu, ameielewa haki hiyo vizuri na ameikwepa.

Wanaopinga wana hoja, na moja ina uzito. Mwaka 2016 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia utafiti mwingi na hakikukuta ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyo sokoni ni hatari zaidi kwa afya kuliko vya kawaida. Kwa hiyo, wanasema, lebo inamwambia mlaji aogope kitu kisichoogopesha. Nakubali utafiti; sikubali hitimisho. Pakiti huandikwa nchi chakula kilikotoka, na hakuna anayesoma jina la nchi kama tangazo la hatari. Huandikwa juisi kama imetengenezwa kwa maji ya matunda yaliyokolezwa. Sababu za mtu kutaka kujua ni nyingi: dini, mazingira, kutotaka fedha yake iende kwa wenye hataza za mbegu, au mtoto mwenye mzio ambaye kila mlo wake ni hesabu. Hakuna anayepaswa kutoa sababu yake dirishani kabla ya kupewa habari.

Hoja ya gharama nayo niitaje, kwa kuwa ni ya kweli. Kutenganisha punje kunakula fedha: maghala mawili badala ya moja, malori kusafishwa, vipimo, karatasi. Gharama hiyo hulipwa na mtu. StarLink ilionyesha inavyokuwa isipolipwa mapema.

Hivi ndivyo ilivyolipwa baadaye, baada ya Septemba 2000, lori baada ya lori. Mtu mmoja anachota punje kutoka kwenye bambo, anazihesabu 800, anazisaga, anatia maji, anatikisa chupa na kuacha mashapo yatulie. Kisha anachovya ukanda mwembamba wa karatasi, wa namna ileile ya kipimo cha mimba, na kusubiri dakika chache. Mstari mmoja: safi. Miwili: kuna Cry9C. Anarudia mara 3, jumla punje 2,400, kwa sababu kwa idadi hiyo, hata kama ni punje 2 tu kati ya kila 1,000 ndizo za StarLink, nafasi ya kuzikamata ni asilimia 99. Lori likipita, la pili linasogea, na anaanza upya.

Aventis ilikuwa imeomba, Oktoba 2000, iruhusiwe kiasi kidogo cha Cry9C kwenye chakula cha watu kwa miaka 4 hadi mabaki yaishe. EPA haikuruhusu. Machi 2001 ikatangaza kwamba haitaidhinisha tena mmea wa namna hii kwa mifugo bila watu. Mbegu ilishapandwa misimu 3 tu, na kuanzia msimu wa 2001 haikuuzwa tena. Lakini chavua ilishatembea, na jeni yake ilikutwa hata kwenye mbegu za aina nyingine, mpaka serikali ikatenga fedha za kuzinunua kwenye kampuni ndogo za mbegu ili zisipandwe.

Zile karatasi ziliendelea kuchovywa. Mwaka 2001, 2002, 2003, mistari miwili ikizidi kuadimika mwaka hadi mwaka. Ni Aprili 2008 ndipo FDA iliyaondoa mapendekezo yake kwa wasagaji ya kupima mahindi ya njano kabla ya kuyasaga, EPA ikiwa imeridhika kwamba kilichobaki hakifiki kiasi cha kuhangaikiwa. Ilikuwa karibu miaka 8 tangu kile kikapu cha bidhaa 23 huko Silver Spring, na pakiti iliyokuwa kwenye rafu ileile bado ilikuwa imeandikwa neno lilelile moja: mahindi.